Shika, Hakuna Mwizi

"Mwizi yuko wapi?"

"Hakuna mwizi, Fundi."

"Kama hakuna mwizi, ni nani aliyepiga kelele za 'shika'? Nimesikia kwa masikio yangu haya. 'Shika! Shika!' Nimeruka kitandani, nimebeba mchi wa mke wangu, nimetoka mbio, nafika hapa namkuta nani? Wewe, Mama Filimbi, kwenye kaptula ya mwanao!"

"Kaptula ni yangu. Na wewe jitazame kwanza umevaa nini, ndiyo uje kwenye nguo za watu."

Fundi Redio akajitazama. Barakoa alikuwa ameikumbuka. Suruali hakuikumbuka. Akakaza taulo lililokuwa kiunoni, mchi akauhamishia mkono wa kushoto, na kutoka ghorofa za juu vicheko vikateremka, maana kufikia hapo kila ukingo wa baraza ulikuwa umejaa vichwa. Tangu watu waambiwe wakae ndani, jengo zima halikuwa na sinema nyingine.

Huyu Fundi Redio alikaa chumba cha chini kabisa, dirisha lake likitazama ngazi. Alitengeneza redio, pasi, feni, chochote chenye waya, na kutwa alikuwa ameinamia meza yake ya kazi bila kuinua macho. Masikio, lakini, hayakuinama. Mama Filimbi yeye alikaa ghorofa ya pili. Kazi yake ususi, ila saluni ilikuwa imefungwa tangu ugonjwa uingie. Jina alilipata kwa sababu ya filimbi iliyoning'inia shingoni mwake tangu awe nahodha wa timu ya wanawake ya mbio za kupokezana, na watu walisema hata kulala alilala nayo.

"Nieleze basi," Fundi akasema. "Mtu mzima na akili zake anapiga kelele za mwizi alfajiri kwa sababu gani?"

"Uwanja umefungwa kufuli, unajua. Kwa hiyo tunafanyia mazoezi hapa, ngazini na uani. Zamani tulipeana kijiti mkononi. Sasa tumeambiwa kitu kimoja kisipite mikono minne. Basi tunapeana neno. Anayefika anasema 'shika', anayengoja anaondoka. Neno ndilo kijiti chetu siku hizi."

"Lugha yote hii mmekosa neno jingine? Semeni 'pokea'."

"Tulianza na 'pokea'," akadakia Kiroboto, yule binti muuza mboga aliyekimbia mkondo wa kwanza, mwepesi wa miguu na mwepesi zaidi wa mdomo. "Mama wa ghorofa ya juu akateremka na kapu, akidhani kaletewa mzigo."

"Na niliambiwa nirudi na kapu langu tupu!" mama wa ghorofa ya juu akathibitisha kutoka huko huko juu.

"Basi kimbieni kimya," Fundi akasema. "Mnaniona mkorofi, lakini mimi nasikiliza. Kati yenu kuna mmoja ana miguu. Huyo akipita ni kama manyunyu ya mvua, hata bisibisi haitingishiki mezani. Wengine wote mnateremsha makabati."

Kiroboto akainua kidevu. Hakuwa na shaka kwamba anasemwa yeye.

"Na hilo la kelele ni dogo," Fundi akaendelea, sasa kwa sauti ya mtu aliyefika kwenye lile lililomtoa ndani hasa. "Kubwa ni yule Sista wenu. Anatoka wodini, wanakolala wagonjwa, anapita hapa na viatu vile vile, anashika chuma hiki tunachoshika sote. Mke wangu ana kifua. Leo mnacheka, kesho mtakuja kunizika."

Juu hakuna aliyecheka tena. Watu walikuwa wamemwona Sista kabla ya Fundi kumwona. Alikuwa amesimama langoni na mkoba wake, ametoka zamu ya usiku, alama za barakoa zimemchora mashavuni kama mtu aliyelalia kamba.

"Shikamoo, baba," akasema, akapita mbali na wote, akaenda kukaa juu ya ndoo iliyopinduliwa pembeni mwa mlango wa chumba chake cha uani. Chuma cha ngazi hakukigusa.

Hapo ndipo Mama Filimbi alipopandwa na hasira. Akapuliza filimbi, jengo zima likashtuka.

"Sikilizeni wote, msije mkasema sikusema! Sista ni mtu wangu, na atapanda ngazi hizi apendavyo. Asiyependa apitie dirishani!"

Ilikuwa hotuba nzuri. Iliongelewa jengoni mpaka jioni. Hata Mama Filimbi mwenyewe aliifurahia, akaisimulia upya kwenye simu kwa watu kadhaa, na kila aliposimulia iliongezeka urefu.

Mkosi ulikuwa umeiandama timu ile tangu ugonjwa uingie. Kwanza mbio za mwaka zikaahirishwa. Halafu uwanja ukafungwa. Kisha kocha akaugua, akalazwa. Akatoka mzima, ila pumzi haikurudi yote, na siku hizi alifundisha kwa ujumbe wa sauti, kila sentensi ikiwa na kituo cha kupumzikia katikati. Sasa masharti yalikuwa yamelegezwa kidogo, na waandaaji wa mbio wametangaza kwamba kila timu itakimbia mahali pake, siku moja, Jumamosi, na shahidi wa kurekodi kwa simu. Shahidi asiwe ndugu, rafiki wala mwanatimu. Na timu isiyofikisha watu wanne itafutwa, nafasi yake wapewe wengine.

Wao walikuwa wanne kamili, hakuna wa akiba. Kiroboto wa kwanza, Mama Filimbi wa pili, Sista wa tatu, na wa mwisho wifi yake Mama Filimbi, mke wa kaka yake.

Kwa Mama Filimbi timu haikuwa mchezo. Mume alishatangulia mbele ya haki, watoto wana nyumba zao, saluni ina kufuli. Yeye ni mtu wa kupika sufuria kubwa. Hakuwahi kujifunza kupika ndogo. Kila baada ya mazoezi timu ilikula kwake, na nyumba ikijaa makelele alijiona yu hai. Ugonjwa ulipoingia alikata tamaa ya karibu kila kitu, ila hilo hakuliacha: milango na madirisha wazi, kila mtu na kona yake, lakini lazima wale.

Sista tu ndiye aliyekula nje. Mwenyewe ndiye aliyeomba, siku zile za mwanzo za hofu. "Dada, nipakulie hapa hapa mlangoni. Siku nikiwaletea balaa sitajisamehe." Mama Filimbi akamtengea sahani yake ya buluu, akaiwekea kigoda kando ya mlango, na Sista akawa anakaa kwenye ngazi, anakula huku anachangia mazungumzo kutoka nje. Baadaye zikaja chanjo, Sista akachanjwa miongoni mwa wa kwanza, watu wakaanza kutembeleana, hata makanisa na misikiti ikafunguliwa. Sahani ya buluu ikabaki pale pale nje. Hakuna aliyeamua ibaki. Ilibaki tu, kama msumari ukutani ambao picha yake ilishatolewa.

Haikupita wiki baada ya ile hotuba, wifi akaja. Hakupanda. Alisimama uani, akapiga simu, na Mama Filimbi akapokea akiwa dirishani, wakawa wanaongea kwa simu huku wanatazamana.

"Kaka yako amesema nikikimbia tena na yule Sista, nisirudi kwake."

"Na wewe ukasemaje?"

"Wifi, tuseme ukweli. Hata mimi roho inanidunda kila akinijia na lile 'shika' lake. Pumzi zote zile za wodini!"

"Anapimwa kazini kila mara. Wewe umepimwa lini?"

"Nipimwe nini, naumwa? Sikia, sijaja mikono mitupu. Binamu yangu yupo pale kwangu tangu hoteli yao ifungwe, anakula na kulala tu. Yeye ashike nafasi ya Sista. Tunabaki wanne, hakuna ugomvi. Usipomtoa, natoka mimi, na binamu haji. Hesabu mwenyewe mtabaki wangapi."

Mama Filimbi, yule aliyelihutubia jengo zima, akatazama filimbi yake. "Nitaongea naye," akasema.

Jioni akapakua chakula kwenye sahani ya buluu, akatoka nayo. Sista alikuwa ameshakaa ngazini, miguu ameinyoosha. Mama Filimbi akakohoa, akarekebisha kilemba, akauliza habari za kazini ambazo alishaziuliza asubuhi.

"Dada," Sista akasema, "nimemwona wifi yako leo. Mtu hasimami juani kumpigia simu mtu anayemwona dirishani, ila kama kuna wa kusengenywa."

"Wifi ana maneno yake, unamjua."

"Namjua. Mniache nipumzike kidogo. Zamu zimekuwa nzito, na magoti haya si ya jana. Mtafuteni mwingine akimbie."

Magoti yake hayakuwa na tatizo lolote, na wote wawili walijua. Sista alikuwa amemfungulia mlango ili asiumie kuugonga. Mama Filimbi alitakiwa aseme hapana, kwa herufi kubwa, kama alivyosema kule chini mbele za watu. Badala yake akasema, "Kula, mchuzi usipoe," akarudi ndani.

Binamu akaja. Alikuwa mtu mzuri, hakuna wa kumsema vibaya: mnene, mcheshi, kila anayepita humwambia habari. Kwenye mazoezi alisimama nusu ya ngazi kumuuliza mama wa ghorofa ya juu anachemsha nini chenye harufu nzuri hivyo. Kukimbia, alikimbia kama mtu anayehamisha godoro peke yake. Lakini wakawa wanne.

Ikabaki shahidi. Hapo pakawa na kazi, maana ukimtoa ndugu, ukamtoa rafiki, ukamtoa aliyewahi kula kwa Mama Filimbi, jengoni alibaki mtu mmoja tu. Akajikaza, akateremka mpaka dirishani kwa Fundi Redio.

"Fundi, nina shida."

"Mimi sina mwizi wa kukupa."

"Nataka shahidi wa mbio. Asiwe ndugu, asiwe rafiki."

Fundi akafikiri bila kuinua kichwa kutoka kwenye matumbo ya feni. "Sikupendi. Kwa hiyo nafaa."

"Ndiyo maana nimekuja."

"Haya, nitakuja. Lakini na mimi nina swali. Yule wa tatu mmempeleka wapi?"

"Wa tatu gani?"

"Usijifanye. Wa kwanza ni muuza mboga, anaruka kama mafuta ya moto, namjua. Wa pili ni wewe, goti lako la kulia linalia kama bawaba. Wa mwisho ni wifi yako, anakimbia kama aliyeacha maziwa jikoni. Katikati palikuwa na mmoja, yule wa manyunyu niliyekwambia. Siku hizi hayupo. Mmeniwekea gunia la viazi. Mimi nilikuwa naamka na yule. Nilikuwa namwambia mke wangu, 'Huyo kapita, washa chai.' Sasa chai yenyewe tunachelewa."

Mama Filimbi akamtazama. Alitaka kucheka, akaacha.

"Fundi, yule wa tatu ni Sista."

Bisibisi ikasimama. "Sista yupi?"

"Tuna masista wangapi humu?"

"Yule wa..."

"Yule wa viatu. Yule anayekuja kukuzikisha."

Fundi akachukua skrubu ndogo, akaipuliza ingawa haikuwa na vumbi. "Hamkuniambia."

"Ungejuaje? Hutoki nje ila na mchi."

Mke wake akakohoa huko ndani, kikohozi chake kile cha miaka yote. Kisha Fundi akauliza, pole pole, "Na nani amemtoa?"

Majibu yalikuwepo. Wifi. Kaka. Wewe hapo na taulo lako. Mama Filimbi alifungua kinywa achague mojawapo.

"Mimi," akasema.

Hakupanda kwake. Alikwenda moja kwa moja uani, akagonga mlango wa Sista mpaka akamwamsha, mtu ametoka zamu.

"Jumamosi unakimbia."

Sista akafikicha macho. "Na wifi?"

"Wifi ana kaka yangu wa kumbembeleza."

"Dada, mtabaki watatu. Mtafutwa."

"Tufutwe."

"Timu yote hii uliyoihangaikia..."

"Timu gani? Ya mimi na gunia?" Akashika kiuno. "Nimekosa mara moja, usinifanye nikose mara mbili. Ule uongo wa magoti ulikuwa wembe, na niliupokea kwako nikijua nani anakatwa. Jumamosi. Viatu vyako hivyo hivyo."

Jumamosi wifi akafika na binamu yake, wamevaa vizuri, na la kwanza kuliona langoni likawa ni Sista aliyechuchumaa anafunga kamba. Wifi akasimama. Akamtazama Mama Filimbi, Mama Filimbi akatazama mawingu.

"Ndiyo umeamua hivyo?"

"Ndiyo, wifi."

"Haya. Binamu, twende zetu."

Binamu hakwenda. Alikuwa ameshaanza maongezi na mke wa Fundi dirishani, ameegemea ukuta. "Twende wapi?"

"Nyumbani! Hukusikia shemeji yako alivyosema?"

"Alikwambia wewe, dada. Mimi sina mume wa kunikataza, ndiyo raha yake." Akajifunga kanga juu ya suruali ya mazoezi, akakaza. "Na humu wanapika vizuri. Siendi."

Kiroboto akapiga kigelegele. Walikuwa wanne.

Wifi akaondoka kwa hatua za hasira, akaishia kwenye duka la dawa, hatua si nyingi, akasimama pale kama anayesoma bei.

Mzunguko ulikuwa ule wa mtaa: kutoka langoni, kupita duka la dawa, kuzunguka ukuta wa ghala, kurudi kwa kichochoro cha nyuma. Fundi Redio akaja na suruali, pasi imepigwa mpaka inakata, akainua simu juu kama anatafuta stesheni. "Nimeshaanza kurekodi, msiseme ujinga," akatangaza.

Kiroboto akatoka na kurudi kama hakuenda mbali. "Shika!" Mama Filimbi akashika, goti likalia njia nzima, akarudi akiona nyota mchana. "Shi... ka!" Sista akaondoka. Na Fundi, simu juu, akafumba macho kidogo asikilize. Midomo ilimcheza. Aliona haya, akafumbua haraka.

Usiku wa kuamkia mbio Sista alikuwa amesimama wodini mpaka asubuhi. Alipotokeza kichochoroni miguu ilikuwa bado myepesi, lakini sauti ilikuwa imekwisha. "Shika," akasema, na ikatoka kama mtu anayenong'ona kanisani. Binamu hakusikia. Alikuwa amempa kisogo, anamweleza mke wa Fundi jinsi wapishi wa hotelini walivyokuwa wanagombania chumvi. "Shika," Sista akajaribu tena, anashikilia mbavu.

"SHIKAAA!"

Aliyepiga ukelele ule alikuwa shahidi. Ulikwenda mpaka mwisho wa mtaa, ukagonga ukuta wa ghala, ukarudi. Milango ikafunguka yote kwa pamoja. Huyu na ufagio, yule na mwiko, muuza nyama na kile kisu chake kirefu, mtoto na kandambili moja mkononi. "Yuko wapi? Kapitia wapi?" Binamu akageuka, akaona mtaa mzima unamjia na silaha, na hakungoja maelezo. Akakimbia. Jamani, alikimbia! Kanga ikamfunguka, akaiacha. Watu nyuma yake, Fundi nyuma yao anapiga kelele, "Si mwizi! Ni mbio! Msiingie kwenye picha!" Alipopita duka la dawa wifi akasahau hasira zake, akaruka juu akipiga makofi: "Kaza, binamu! Usigeuke!"

Hawakushinda. Matokeo yalipotangazwa walikuwa wa pili kutoka mkiani, na walioshika mkia ni timu ambayo mtu wao alipotea njia. Lakini hawakufutwa, jina la timu lilibaki kwenye orodha. Kocha akatuma ujumbe wa sauti. Sehemu kubwa ilikuwa anacheka, anapumzika, anacheka tena.

Mchana ule wa Jumamosi, baada ya mbio, kwa Mama Filimbi hapakuwa na pa kutia mguu. Madirisha wazi, milango wazi, sufuria kubwa mezani. Kiroboto ameshakula kabla ya wengine. Binamu anasimulia alivyoponea kisu cha muuza nyama, na muuza nyama mwenyewe yupo pale anakanusha. Fundi Redio na mkewe wamekaa karibu na dirisha, yeye akirudia ile video tangu mwanzo kwa yeyote aliyekubali kutazama. Hata wifi alikuja. Alisema amekuja kumchukua binamu tu, hakai, akakaa.

Mama Filimbi alikuwa anapakua na kuongea kwa wakati mmoja. Mkono ukaenda wenyewe kwenye sahani ya buluu, ukaijaza, na miguu ikampeleka mlangoni kabla akili haijafika.

Sista alikuwa ameshakaa ngazini, amejimwagia maji, nywele bado zimelowa. Akanyoosha mikono miwili kupokea.

"Leta, dada. Njaa inaniuma kweli leo."

Mama Filimbi hakumpa. Alisimama na sahani yake, nyuma yake kelele zikapungua kidogo kidogo mpaka ikabaki video ya Fundi peke yake, inapiga kelele za mwizi, na Fundi akaizima.

"Hii haitoki nje," Mama Filimbi akasema. Sauti haikuwa ya hotuba. "Ingekuwa imeingia siku nyingi, nimeichelewesha mimi."

Sista akatazama ndani, uso baada ya uso. Akafika kwa wifi, macho yakaishia hapo.

Wifi akakoroga mchuzi wake ambao haukuhitaji kukorogwa. Kisha akainuka nusu, akajisogeza, akapiga kofi kwenye nafasi iliyobaki ya benchi.

"Ingia basi, Sista," akasema, "chakula kinapoa."